Mizani

Wiki nzima napima malori ya miwa.
Lori lililojaa, lori tupu, toa hiki kwa kile,
gonga muhuri, mwite mwingine.
Ijumaa saa kumi nafunga kibanda cha mizani,
navaa buti nilizozilipia kidogokidogo miezi mitano,
na dada yangu Neuraci yuko getini anapiga honi,
kabeba mikate ya jibini na mito miwili ya kukalia,
maana mbao za jukwaa hazina adabu
kwa nyonga za miaka hamsini na minne.

Gari lake linakunywa spiriti ya miwa.
Huenda niliipima mimi.
Kilomita mia mbili hadi Serra Torta, vumbi jekundu,
redio ikitaja majina ya mafahali
kwa heshima ambayo mawaziri wa Brazil hawaipati:
Jumatatu Asubuhi. Mama Mkwe. Mtoza Kodi.

Neuraci anashabikia wanaume. Shauri yake.
Wanaume huvunjika mbavu, huoa, huacha.
Mimi ni wa Mtoza Kodi,
kilo mia tisa na kumi, rangi ya kahawa iliyoungua,
misimu mitatu hajakaliwa sekunde nane na mtu.
Majaji wana alama mia: hamsini za mpandaji,
hamsini za fahali.
Nionyeshe kazi nyingine
ambayo aliyebeba mzigo hupewa nusu ya sifa.

Ijumaa ilinyesha.
Vijana thelathini walipiga magoti kwenye tope, kofia kifuani,
mtangazaji akamwomba Mama Bikira kwa sauti ya sigara,
kisha wakaanguka, mmoja baada ya mwingine,
kama maembe mabichi.
Hoteli zilijaa. Tulilala garini, kituo cha mafuta.
Neuraci alikoroma hadi ndoo ya mfagiaji ikatetema.

Jumamosi nilipotea nikitafuta choo
nikamkuta nyuma ya uzio, fahali wangu, anatafuna.
Miaka mitatu nimemwandalia maneno.
Alinitazama kama anavyotazamwa mtu wa foleni.
Nikamwambia: Kula, baba.

Hapohapo kijana akanipa kikombe:
"Mama, nishikie kahawa,"
akazungushia kifundo cha mkono plasta, akikaza kwa meno.
Jina lake Delcimar, wa mashamba ya michungwa.
Nikamkadiria kwa jicho, kazi ni kazi:
kilo sitini na mbili, pamoja na buti.
"Kesho nimepangiwa Mtoza Kodi," akasema,
akacheka, na jino moja halikuwepo.
Sikumwambia mimi ni wa nani.
Kahawa ilikuwa na sukari nyingi mno. Ndiyo, niliionja.

Jumapili, jua. Neuraci kanishika goti.

Lango lafyatuka: moja.
Fahali apinda: mbili.
Mkono hewani: tatu.
Kofia yaruka: nne.
Kushoto, kushoto: tano.
Arudi kulia: sita.
Kamba yateleza: sa—

Nane haikuja.
Vijana wa kumvuta fahali wakaingia katikati na fulana zao nyekundu.
Delcimar akatambaa, akasimama, akachechemea,
akawa anatafuta kofia yake
kama mtu aliyepoteza ufunguo sebuleni kwake.
Ubao ukaandika sifuri.
Mtoza Kodi akazunguka uwanja mara moja,
akatoka bila kuswagwa, kama karani saa kumi.

Fahali wangu alishinda.
Mimi nilikuwa nimesimama, mto umeangukia watu wa chini,
na Neuraci ananitazama,
kwa sababu jina nililokuwa nikipiga kelele
halikuwa la fahali.

Njia nzima hakusema kitu.
Alipofika kwangu tu: "Wanaume huvunjika, eh?"

Jumatatu, saa kumi na mbili, lori la kwanza linapanda mizani.
Sauti imenikauka. Dereva anauliza nani alishinda.
"Mtoza Kodi," nasema,
na kwenye sanduku la uzito naandika sitini na mbili.
Nafuta.
Naandika upya.