Fremu Tatu kwa Sekunde

Saa sita za usiku, Mabatini,
na harusi ya Mbuke imegoma kuisha.
Kule ukumbini Nyakato iliisha juzi,
viti vikabebwa, masufuria yakarudi kwa wenyewe;
humu ndani ya mashine bi harusi bado yuko mlangoni,
mguu mmoja hewani,
anasubiri fremu inayofuata.

Fremu tatu kwa sekunde.
Nimepiga hesabu nyuma ya risiti ya luku:
saa mbili za sherehe ni fremu laki moja na themanini elfu,
gawanya kwa tatu,
saa kumi na sita na dakika arobaini.
Na shangazi Holo anapanda meli ya Nansio saa tatu asubuhi,
flashi ikiwa imefungwa kwenye pindo la khanga,
aipeleke kwa bibi yake Mbuke
ambaye magoti yalimkatalia safari.
Shangazi hajui kodeki.
Anajua meli haingoji mtu.

Nikatafuta mchawi.
Nikafungua terminali, nikaorodhesha kila kinachokula prosesa:
kazi ni moja tu, yangu,
na viini vinane vyote vimeinama, asilimia mia,
kama vijana wanaosukuma lori lililoachwa ndani ya gia.
Diski? Inasoma bila kukohoa.
Kumbukumbu? Nusu tupu.
Nikamshuku dereva wa kadi ya michoro,
maana kerneli mpya iliingia Jumanne bila kubisha hodi.
Nikarudi kwenye kerneli ya zamani, nikawasha upya,
nikapuliza chai.
Fremu tatu.
Nikashusha ubora mpaka nyuso za wakwe zikawa uji.
Fremu tatu na nusu.
Nikamwendea gavana
(ndani ya prosesa yumo gavana, si yule wa Benki Kuu,
huyu anapanga mwendo, hapangi noti),
nikamwandikia amri: usibane matumizi, achia.
Akajibu sawa.
Hakuachia.

Nikampigia Rwegasira, Bukoba, nikamtoa usingizini.
"Usinieleze ulichomwagiza," akasema.
"Nieleze anachofanya."
Nikasoma. Megahezi mia nane,
kwa mashine inayojigamba elfu tatu na ushee.
Joto: tisini na saba.
"Haya, ishike tumbo."
Nikashika. Nikaachia na tusi.

Kumbe si uvivu.
Ilikuwa inaungua, imejipunguzia mwendo isife,
na mimi usiku kucha naitukana.

Bisibisi ya fundi simu, skrubu kumi,
ya kumi ikala meno, nikaibembeleza kwa kisu.
Kifuniko kikatoka,
na pale nyuma ya feni
nikakuta ziwa.

Wadudu wa ziwa, wale wanaoinuka juu ya maji kama moshi wa kuni mbichi,
waliofunika kila taa ya Kirumba wiki iliyopita.
Nilifunga dirisha nikadhani nimewashinda.
Wao walifuata mwanga wa skrini,
feni ikawavuta mmojammoja, kwa adabu,
wakajibana kwenye mapezi ya shaba
mpaka wakawa blanketi,
la kijivu, laini, lenye shombo.
Nililibandua zima. Nililiweka kwenye sahani ya chai
na sikujua nilifanye nini.

Mswaki wa zamani. Pamba. Spiriti kidogo.
Nikawasha.
Fremu tisa. Ishirini. Arobaini,
na bi harusi akashusha mguu,
akaingia ukumbini kama mtu aliyekumbuka njia,
wapambe nyuma yake, wajomba, vigelegele,
saa moja na robo kila kitu kimekwisha
na jogoo wa jirani hajaanza.

Nikaipitia kabla ya kuinakili.
Dakika ya hamsini na mbili, kwenye keki,
mdudu mmoja anapita mbele ya lenzi,
mkubwa kama kunguru,
anamfunika bwana harusi uso mzima.
Nilitaka kumkata. Mkono ulishafika kwenye kitufe.
Nikamwacha.
Bibi yuko Ukerewe, atamfahamu
kabla hajawafahamu wakwe.