Thamani ya Makubaliano

Fomu yangu ina kurasa nne.
Bi Gunvor amechemsha kahawa hadi imekuwa kama lami,
na kabla sijatoa kalamu keshaniambia
gari haliuzwi.
Sikuja kununua, namjibu, nimekuja kulikatia bima.
Kwake naona ni yale yale:
sote tunaanza kwa kuuliza bei.

Banda la zamani la ng'ombe, nje kidogo ya Hammerdal.
Theluji imefika kwenye kitasa;
tunapiga koleo nusu saa ndipo mlango unakubali.
Ndani, chini ya mablanketi ya jeshi,
Saab ya mwaka sitini na saba,
mwaka ambao nchi nzima, alfajiri moja,
ilihama kushoto mwa barabara ikaenda kulia.
Silinda tatu. Hunyweshwa petroli iliyochanganywa na oili.

Naandika: kutu, kidogo, chini ya mlango wa dereva.
Viti, vya awali. Kilomita, elfu tisini na moja.
Huendeshwa wakati wa baridi? Hapana.
Funguo ziko ngapi?
Hapo ananyamaza.

Kisha tochi yangu inafika ubavuni, nyuma:
bonyeo la kutosha kulaza paka.

"Hili fundi wa Östersund analinyoosha kwa siku mbili,
na thamani inapanda kwa elfu ishirini.
Banda likiungua, utalipwa gari zima."

"Ni Ylva," anasema. "Alikuwa na miaka kumi na sita.
Alirudi nyuma bila kutazama,
akagonga jukwaa la madebe ya maziwa.
Tangu alipoondoka
hajatazama nyuma."

Nimethamini saa za ukutani, vinanda,
mara moja hata jino la dhahabu.
Hasara najua kuiandika, kisanduku chake kipo.

"Likiungua," ananiuliza, "mtanipa jingine lenye hili?"

Bima humrudisha mtu pale alipokuwa:
ndivyo tulivyofundishwa siku ya kwanza, ubaoni, kwa chaki.
Nakunywa kahawa. Imepoa.

Tunakubaliana kiwango cha chini.
Anatia sahihi kwa herufi za shule, kalamu akiikaza,
kisha anataka picha moja zaidi ya faili,
karibu, anasema, karibu zaidi,
na tochi anaishika mwenyewe.

Nimeshawasha gari langu anaponigongea kioo.
"Lile swali la funguo," anasema.
"Andika mbili."