Kengele

Kipindi cha jiografia, Temeke, Mwalimu Chaurembo aliuliza
kwa nini nchi yenye vipande viwili
huishia kuwa nchi mbili.

Bahari, alisema Shomvi.
Umbali, akadakia mwingine, na lugha.
Mwalimu akaandika yote ubaoni
kwa chaki fupi kama jino.

Maana kwetu chaki ilikuja masalia.
Barabara ya Kilwa iliikata shule:
upande ule ofisi, bomba, kengele;
upande huu sisi, madarasa matatu na mwarobaini.
Jina moja, nembo moja, sare moja.
Malori yakipita hatukuisikia kengele.
Tukichelewa, tulichapwa
na walioisikia.

Barua ziliandikwa. Zilijibiwa: *tumepokea*.

Mwaka ule baba yake Tunu, fundi gereji,
alileta rimu ya lori, akaitundika mwarobainini.
Tunu akaigonga kwa nondo.
Saa nne kasoro. Saa yetu.
Tukatoka kunywa uji.

Wa ng'ambo wakaja mbio, wanahema,
wakiuliza nani katutuma kuigawa shule.

Barabara ilikuwepo siku zote.
Tuliivuka kila asubuhi kwenda paredi,
dakika mbili tu,
tumeshikana mikono.