Usijaze

Bibi Verbena Stallcup kanipigia simu mara ya tatu wiki hii:
kigari kimemponyoka tena,
pale pale, ukipita sanduku la barua la akina Ledford,
lami inapoinama kama mtu anayetafuta funguo chini.

"Nikiachia mafuta," anasema
(mafuta! mle ndani hamna tone la petroli),
"zamani kilikuwa kinanishika. Sasa hakinishiki.
Mchana hakina neno. Asubuhi tu."

Nilisikia. Sikusikiliza.

Nikapanda na kompyuta na kebo yangu ya buluu.
Oktoba, ukungu umeulalia uwanja wa gofu,
shimo la tisa halionekani, bendera tu
imesimama peke yake hewani.
Nikafunua kiti, nikachomeka, namba zikajipanga kiooni:
kasi ya mwisho, ukali wa kuondoka,
breki ya kurudisha umeme, asilimia sitini.
Sitini si haba. Nikaweka sabini na tano.

Tukashuka naye, mkoba mapajani.
Kikatushika, kikatushika,
halafu, tki,
kikatuachia
kama mkono wa mtu aliyekumbuka jambo jingine.
Nikakanyaga breki ya mguu, ile ya nyaya na ngoma,
ikapiga kelele hadi mbwa wa Ledford akajibu.

Nikashusha hamsini.
Nikapandisha tisini, na hapo kikakaba ghafla,
mkoba ukaruka, peremende za mnanaa zikamwagika barabarani,
na Verbena akacheka,
cheko la kwanza tangu Machi, nadhani,
kisha akanyamaza, kama aliyejikwaa.

Machi ndipo tulipomzika Hoyt.
Fundi umeme wa kiwanda cha soksi, hadi siku kilipofungwa.
Hakunipenda. Aliniita kijana wa kompyuta,
nami nina miaka hamsini na miwili na goti bovu.
Kigari hiki, hai yake yote, hakuniruhusu nikiguse.

Siku ya nne, asubuhi, nimelala ubavu,
tochi meno yamebana, natafuta nati iliyolegea,
nikaona utepe wa karatasi umebandikwa ukutani mwa sanduku la betri.
Herufi kubwa za Hoyt, kalamu ya seremala:

CHAJA IKOMEE 85.
USIJAZE.
TUNAKAA JUU.

Nikajigonga kichwa kwenye fremu. Nilistahili.

Mteremkoni mota haisukumi tena, inasukumwa;
inageuka kinu, inasaga umeme, inaurudisha nyumbani.
Lakini ukifika ukakuta kila kiti kimekaliwa,
volti zinaruka, kidhibiti kinaogopa kuungua,
kinafungua mlango na kukuacha na kilima chako.

Mwezi Juni Garland, mwanawe, alileta chaja mpya kutoka Charlotte,
imefungwa utepe mwekundu,
chaja inayojaza hadi punje ya mwisho.
Ndivyo mtoto apendavyo, akiwa mbali: ajaze.

Nikaifundisha chaja kukoma themanini na tano.
Nikarudisha sitini ya Hoyt. Sikuongeza hata moja.

Verbena akainama, akasoma ule utepe,
akausoma tena bila miwani, kwa kidole.
"Miaka kumi na tisa," akasema, "hakuniambia."
Kisha: "Wala sikumwuliza."

Kesho yake alishuka peke yake.
Nilikuwa chini, kwenye kibanda cha mipira,
nikamwona anatokea ukunguni polepole,
mguu juu ya pedali, haukanyagi kitu,
kigari kinavuma ule mvumo mwembamba.
Nikachungulia saa ya betri: themanini na sita.

"Imezidi," nikamwambia. "Umeondoka na themanini na tano."

Akaitazama namba ile kwa chuki kidogo.
"Mjinga yule," akasema,
akanilipa dola arobaini na peremende mbili,
moja ina mchanga.