Mkono wa Kulia

Soko la Vilyuisk, Machi. Pumzi inaganda kwenye kope,
samaki wamesimamishwa wima ndooni kama kuni.
Meza ya Erchimen mhunzi ina visu thelathini na kimoja.

Sandaara anavipita ving'aavyo,
anavipita vyenye meno ya msumeno mgongoni,
na vya mpini wa plastiki: baridi ya huku huipasua kama yai.
Anataka cha kuchuna sungura, cha bata wa vuli,
cha kumchonga samaki aliyeganda
hadi nyama ijikunje nyembamba sahanini,
cha kumtoa sobo nyongo isipasuke.
"Kimoja kifanye yote hayo?"
"Mshahara wa mwalimu ni mmoja."

Anachukua chenye mpini mnene wa nundu ya mti,
mpini ambao glavu huukamata hata gizani.
Bapa moja limevimba kidogo,
la pili ni tambarare, lina mfuo.
Erchimen anamsogezea kijiti. "Jaribu."
Kisu kinazama, kinapinda njia, kinakwama,
kama kilivyokwama cha babake miaka ishirini.
Prokopy, marehemu, alikuwa akisema:
si kisu, mwanangu, ni mkono wako mzito.

Naye aliamini.
Kovu la kidole gumba lipo.
Zipo pia zile siku za mchuzi mchungu,
mezani watu kimya, vijiko vikitazamana.

Erchimen hasemi neno. Anautazama ule mkono,
anainama, anatoa kitu kilichoviringishwa gazetini.
"Nilimfulia mtu. Hakurudi."
Tambarare huku, uvimbe kule:
ndugu wa kile cha kwanza, akijitazama kwenye kioo.

Anachonga.
Ubao unachanuka, unajikunja, unaanguka
juu ya theluji bila sauti.
Anachonga tena, kijiti kinakwisha, anaomba kingine.

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama,
tunasema sisi, wala hatuulizi mkono upi.
Lakini lugha yetu, Sandaara, ina siri ndogo:
mkono ulao ndio tuuitao wa kulia.
Basi wako wa kulia uko huko kushoto,
na ulikuwa huko siku zote.

Hakupunguziwa hata ruble moja.

Juni, ziwa limefunguka. Sobo wa kwanza yuko ubaoni.
Tundu dogo chini ya pezi, ncha inaingia, inageuka,
na nyongo inatoka nzima, ya kijani, kama ushanga.
Haitupi upesi.
Ameishika kiganjani, anaielekeza dirishani,
huku maji yanachemka, yanamwagika jikoni.