Dawati la Stoo

Mzungu wa mito alipokuja Moshi, mwaka ule wa ukame,
alipita mapokezi bila kutusalimia,
hedifoni masikioni, macho sakafuni.
Tukasema: huyo mtaalamu, akili yake iko kazini.

Aikande alipokuja, binti wa Kibosho,
akapita mapokezi bila kutusalimia,
pamba masikioni, macho sakafuni.
Tukasema: hakufunzwa na mamaye.

Mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa zaidi.

Kwenye usaili walimwuliza, "Miaka mitano ijayo utakuwa wapi?"
"Sijui," akajibu. "Mto Rau nao haujui."
Jopo likacheka, likampa miezi mitatu,
kwa kuwa fomu ya wafadhili ilikuwa na kisanduku
na kisanduku kilitaka alama ya vema.

Siku ya nne akapanda kiti,
akachomoa tyubu ya taa juu ya meza yake.
"Inalia."
Tukatega masikio. Hatukusikia kitu.
Bosi akaagiza irudishwe;
naye akalisukuma dawati lake hadi stoo,
miguu ya chuma ikikwaruza korido nzima,
akakaa kati ya mabuti ya mvua
na magunia ya mbegu za mringaringa.

Sitasema alikuja kuuokoa mto.
Mto bado unapungua.
Jumatatu moja alikosea nukta kwenye hesabu za kina,
akalia hadi saa sita. Nikakaa mlangoni.
Sikumgusa, maana alishaniandikia:
Usinishike bega. Niambie mapema. Andika.

Basi nikaandika:
Kesho saa mbili, Karanga, kipimo cha daraja la chini.
Mvua ikinyesha, hatuendi.
Nikalitazama karatasi langu mwenyewe.
Miaka kumi na moja niko ofisi hii,
hakuna aliyewahi kuniambia mvua ikinyesha tunafanyaje.

Wiki ya tisa tyubu ikaungua yenyewe.
Mama Ndewirwa wa uhasibu akavua miwani,
akajishika paji la uso, taratibu,
kama mtu aliyetuliwa mzigo asioujua:
"Kumbe ilikuwa inalia."

Mkataba unaisha Ijumaa.
Barua ya kumwongezea muda iko kwa bosi,
imelala chini ya kikombe.

Asubuhi hii amepita mapokezi bila kunisalimia.
Nimesogeza kiti, apite.