Mkunjo

Helikopta ilitutupa pale saa nne za usiku,
jua bado li macho, limegoma kulala,
na mbu wa Isua (nani aliwaambia mbu
kwamba ukingoni mwa barafu nako ni kwao?)
wakatuvaa kabla hatujafungua mizigo.

Naasunnguaq hakupiga hema.
Alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe lake,
akaliwekea kiganja
kama mtu apimaye homa ya mtoto.
Miaka kumi na tisa wamejuana.
Jiwe lina bilioni tatu na milioni mia saba;
kwake hiyo kumi na tisa si hata kufumba jicho.

Ndilo lililompa jina.
Vinundu vitatu, vidogo, vimepangana,
ncha juu, kama mahema ya watu wafupi,
naye akaandika: haya ni makao.
Viumbe wasio na jicho wala mdomo
walijenga hapa, utando juu ya utando,
katika bahari ya kina kifupi,
siku ambazo dunia bado ilinuka moshi,
mwezi uko karibu, mpana kama sinia,
na mchana mfupi usiotosha kukausha nguo,
kama kungekuwa na nguo.
Mimi nilikata vipande kwa msumeno wa almasi.
Jina langu lilikuwa la nne kwenye makala.
Mama alikata gazeti, akalibandika jikoni.

Juaaka, aliyekuja kutulinda na dubu,
alichemsha kahawa, akauliza:
"Bado lipo? Halijaondoka?"
Kila mwaka huuliza hivyo. Kila mwaka tunacheka.

Lakini safari hii barafu ilikuwa imerudi nyuma,
hatua hamsini, labda sitini,
ikaacha wazi ubavu wa jiwe
ambao hakuna aliyewahi kuuona.
Upande wa tatu.
Sote tulikuwa tumelisoma kama picha ukutani.
Naasunnguaq akazunguka, akachuchumaa,
akalimwagia chupa ya maji ili rangi itoke.
Akanyamaza.

Kule, vinundu havikuwa vinundu.
Yalikuwa matuta marefu, yakienda ndani ya jiwe
kama ya shuka
mtu anapoisukuma kwa mguu kitandani.
Hakuna aliyejenga.
Ulikuwapo uzito wa dunia tu,
ukikandamiza, ukikunja,
bila nia, bila haraka.

Nikasema: pengine. Nikasema: tupime tena.
Nikataja kifaa, nikataja mwanga, nikataja kaboni.
Akanitazama. Uso wake ulikuwa mkunjufu,
na huo ndio ulionitisha.
"Ni mkunjo," akasema.
Kisha kwa lugha yao akamwambia Juaaka neno moja,
na Juaaka akaacha kukoroga kahawa.

Usiku ule usio na giza sikulala.
Nilidhani analia; kumbe anaandika,
daftari gotini, kalamu ya risasi
isiyoogopa umande:
*Mimi niliyesema vile, nilikosea.*
Alinipa nisome.
Nilitafuta pa kuchomeka "huenda".
Hakuwa ameacha upenyo.

Asubuhi, kwa kuwa saa ilisema asubuhi,
Juaaka alikaa juu ya jiwe, akala samaki mkavu,
akalipigapiga kama mbwa wake wa mbele.
"Sasa lina umri gani?"
"Uleule."
"Basi mmepoteza nini?"

Sikumjibu. Mpaka leo sijamjibu.
Nilichonacho ni kipande, ukubwa wa mche wa sabuni,
dirishani Kopenhageni, juu ya barua za madeni.
Wageni wakiuliza, hulizungusha.
Upande wa kwanza: tazama, uhai.
Wanasogea.
Wa pili: bado uhai.
Kisha wa tatu,
na wengi hubetua midomo, kana kwamba nimewaibia.
Mmoja tu, binti wa jirani, hajatimiza miaka sita,
alipitisha kidole kwenye mfereji ule
toka ukingo hadi ukingo, polepole,
akauliza ni nani alikuwa amelala hapo.